Kompyuta Ikiwaka na Kukuonyesha Uwanja Mtupu

Katika kurasa hizi nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa kompyuta za nyumbani ambao huwatia watu hofu kuliko unavyostahili. Unabonyeza batani ya kuwasha, taa zinawaka, feni inavuma, unaandika nywila yako vizuri, halafu kimya. Ikoni zote zimetoweka. Ule mstari wa chini wenye saa haupo. Umebaki kukodolea macho uwanja mtupu, mweusi au wenye picha peke yake, na kipanya kinazunguka bila kazi. Wengi hapo hukata kauli, "Imekufa hii!" La hasha. Mara nyingi mtambo ni mzima buheri wa afya, na faili zako zimetulia mahali pake. Kilichopotea ni njia ya kuziona tu.

Nitaeleza kwanza kwa nini jambo hili hutokea, kisha hatua za kufuata, kuanzia zile rahisi zisizoweza kuharibu chochote hadi zile nzito. Nazungumzia kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11, kwa kuwa ndizo nyingi majumbani mwetu.

ENEO-KAZI NI NINI HASA?

Unapowasha kompyuta, ule uwanja wenye picha na ikoni huitwa eneo-kazi. Waliobuni mtindo huu waliifananisha skrini na meza ya ofisini: karatasi zimelala juu yake, makabrasha yako kando, na pipa la taka lipo karibu. Mtindo huo ulianza kufanyiwa majaribio katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, katika miaka ya 1970. Kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple iliusambaza kwa watu wa kawaida kuanzia mwaka wa 1984, na Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, ikatuletea ile batani ya Start na mstari wa chini tunaoujua hadi leo.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo penye siri yote. Eneo-kazi ni vitu viwili vilivyounganishwa. Cha kwanza ni folda ya kawaida iliyo ndani ya diski yako, iitwayo Desktop. Faili unazoziona juu ya uwanja zinakaa humo. Cha pili ni programu inayokuchorea folda hiyo kwenye skrini, pamoja na mstari wa chini na batani ya Start. Programu hiyo inaitwa explorer.exe. Usiichanganye na Internet Explorer, ile ya kutembelea mtandao ambayo kampuni ya Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Hizi ni mbili tofauti ingawa majina yanafanana.

Basi programu ya kuchora ikigoma, uwanja unabaki mtupu ilhali folda imejaa. Ni kama darasa ambalo taa imezimika usiku. Madawati yote yapo, ila huyaoni.

SAFARI KUTOKA BATANI HADI ENEO-KAZI

Ili ujue ugonjwa uko wapi, ni lazima ujue kompyuta hupitia wapi inapoamka. Nitatumia mfano wa shule ya kutwa asubuhi.

Kwanza huja mlinzi anayefungua lango. Huyu ni programu ndogo iliyo ndani ya bodi kuu ya kompyuta, ambayo hukagua kama kumbukumbu, kibodi na diski vipo. Pili huja mwalimu wa zamu, naye ndiye anayeitafuta Windows ndani ya diski na kuiamsha. Tatu ni mwalimu mkuu, yaani kiini cha Windows chenyewe, anayesimamia kila kitu na kuviita vifaa vyote kazini, skrini ikiwemo. Nne ni daftari la mahudhurio: unaandika nywila, na Windows inafungua kumbukumbu zako wewe binafsi, picha uliyochagua na mipangilio yako. Tano na mwisho huja kiranja anayepanga madawati. Kiranja huyo ndiye explorer.exe.

Ukifika mahali pa kuandika nywila kisha ukakuta uwanja mtupu, umekwisha kupita hatua tatu za kwanza. Lango limefunguliwa na mwalimu mkuu yumo. Tatizo liko kwenye daftari, kwa kiranja, au kwenye kioo unachotazamia. Kwa hivyo yule anayekimbilia kufungua sipiyu na bisibisi na kuanza kuchomoa vitu, anatafuta sindano chumba kingine kabisa.

TAZAMA KABLA YA KUGUSA

Haraka haraka haina baraka. Kabla ya kubonyeza chochote, jiulize maswali matatu.

La kwanza: je, kompyuta inasikia? Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Ikiwa kibodi yako ina taa ndogo ya kitufe hicho, nayo inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, basi kompyuta iko macho. Ikiwa haibadiliki hata kidogo, huenda imeganda, au kibodi haijachomekwa vizuri.

La pili: je, unaona mshale wa kipanya? Mshale ukionekana na kutembea, skrini na waya wake ni salama. Usipouona kabisa, huenda tatizo likawa la skrini.

La tatu: ni nini kilichobadilika tangu siku ilipofanya kazi vizuri? Stima ilipotea? Mtu aliweka programu mpya? Kompyuta ilijisasisha usiku? Mlichomeka televisheni ili mtazame mpira? Liandike jibu hilo kwenye karatasi, maana litakuongoza kuliko kubahatisha.

HATUA ZA KUFUATA

1. Ikiwa mstari wa chini upo lakini ikoni hazipo. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Bonyeza uwanja kwa batani ya kulia ya kipanya, nenda palipoandikwa View, kisha utazame kama Show desktop icons ina alama ya vema. Ikiwa haina, ibonyeze. Mdogo wako akichezea kipanya anaweza kuiondoa alama hiyo bila kujua, na nyumba nzima ikadhani kuna virusi. Katika Windows 10 angalia pia kama hali ya tableti, Tablet mode, imewashwa, kwani nayo huficha ikoni.

2. Ikiwa picha ipo lakini hakuna ikoni wala mstari wa chini. Huenda kompyuta inadhani una skrini mbili, na eneo-kazi lako halisi limepelekwa kwenye ile nyingine. Hutokea sana pale televisheni imezimwa lakini waya wake bado umechomekwa kwenye sipiyu. Chomoa waya huo. Au ushike kitufe cha Windows na ubonyeze herufi P, kisha uchague PC screen only.

3. Ikiwa skrini ni nyeusi kabisa lakini kompyuta inasikia. Shika kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl na Shift, kisha bonyeza herufi B. Hii huiambia Windows iamshe upya programu inayoendesha skrini. Mara nyingi utasikia mlio mfupi na skrini itapepesa. Haifuti chochote. Angalia pia waya wa skrini. Kompyuta nyingine huwa na matundu mawili ya kuchomeka skrini, la bodi kuu na la kadi ya picha, na mtu akisafisha vumbi anaweza kuurudisha waya kwenye tundu lisilotumika.

4. Mwite kiranja mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ikishindikana, bonyeza Ctrl, Alt na Delete, kisha uchague Task Manager. Hii ni programu inayoonyesha kila kinachofanya kazi ndani ya kompyuta, nayo huja hata eneo-kazi likiwa halipo. Tafuta kwenye orodha jina Windows Explorer. Ukiliona, libonyeze kwa batani ya kulia na uchague Restart. Usipoliona, tafuta Run new task. Katika Windows 11 iko juu ya dirisha, na katika Windows 10 imo ndani ya File, baada ya kubonyeza More details ikiwa dirisha limejikunja. Andika explorer.exe na ubonyeze Enter. Mara ngapi nimeona mtu akiruka kwa furaha hapa! Mstari wa chini unarudi, ikoni zinajipanga moja moja kama watoto wa nasari.

Likirudi leo na kesho likapotea tena, basi kuna kitu kinachomzuia kiranja kila asubuhi. Rudi kwenye Task Manager, fungua sehemu ya Startup, na uzizime kwa Disable programu usizozihitaji wakati wa kuwasha, hasa zile zilizoingia karibuni.

5. Kagua faili za Windows zenyewe. Stima ikikatika wakati Windows inaandika kwenye diski, faili zake zinaweza kuharibika. Katika Task Manager chagua tena Run new task, andika cmd, na uweke alama ya vema kwenye sehemu inayosema itumie uwezo wa msimamizi. Dirisha jeusi litafunguka. Andika sfc /scannow, ukiacha nafasi baada ya sfc, kisha ubonyeze Enter. Kompyuta itakagua faili zake moja baada ya nyingine na kurekebisha zilizoharibika ikiweza. Usiizime kabla haijafika asilimia 100. Nenda ukafue sare yako, utarudi uikute imemaliza.

UWANJA MTUPU UNAODANGANYA

Kuna hali moja ambayo ni lazima niieleze peke yake, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu mali yao. Hapa kompyuta inawaka, mstari wa chini upo, pipa la taka lipo, lakini faili zako zote hazipo na picha ya nyuma ni ile ya kiwandani. Inaonekana kama kompyuta mpya kutoka dukani. Nyingine hukuonyesha tangazo kwamba umeingia kwa wasifu wa muda.

Maana yake ni hii. Katika ile hatua ya nne, Windows imeshindwa kufungua daftari lako, labda kwa sababu limeharibika au limeshikwa na programu nyingine. Badala ya kukufungia nje, inakupa daftari la kuazima. Jambo la kuzingatia ni kwamba chochote utakachohifadhi kwenye eneo-kazi hilo la kuazima kitafutwa ukitoka. Kwa hivyo usianze kuandika kazi mpya humo!

Nyumbani kwetu jambo hili lilitufika. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama cha mtaani, na hesabu za michango na mikopo yao alikuwa akiziandika kwenye kompyuta kwa miaka miwili. Usiku mmoja stima ilikatika mara mbili. Asubuhi yake, eneo-kazi likawa tupu, na kesho yake kulikuwa na mkutano wa kugawana faida. Fundi mmoja aliitwa. Alitazama kwa dakika chache, akasema kila kitu kimekwisha, dawa ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya, shilingi 1,500. Mama alikaa kitini akanyamaza. Si pesa za fundi zilizomnyamazisha. Mwanamke akishika fedha za wenzake halafu aseme hesabu zimepotelea ndani ya kompyuta, nani atamwamini?

Nilimwomba asubiri jioni nitoke shuleni. Nilifungua File Explorer, nikaingia This PC, kisha diski C, kisha folda iitwayo Users. Humo nikaona folda mbili: moja yenye jina la Mama na nyingine iliyoandikwa TEMP. Nikafungua ile ya Mama, nikaingia Desktop, na faili ya hesabu ilikuwa imelala pale pale, haijaguswa. Nikainakili kwenye flashi kabla ya jambo lingine lolote. Kisha nikaizima kompyuta kwa utaratibu na kuiwasha tena. Mara ya kwanza haikukubali. Mara ya pili eneo-kazi lake likarudi na ile picha ya shangazi kwenye harusi. Mama hakusema neno. Alichukua kalamu na kitabu cha hesabu, akaanza kunakili kwa mkono kutoka kwenye skrini hadi saa tano za usiku.

Kwa wengine kuzima na kuwasha hakutoshi, na panahitajika kurekebishwa orodha ya ndani ya Windows inayowajua watumiaji. Kazi hiyo mwachie mtu anayeielewa, lakini nakili faili zako kwanza. Kuna pia nyumba ambazo faili hazijaenda popote ila zimehamishiwa kwenye folda ya OneDrive, ile huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mambo mtandaoni. Fungua folda hiyo ndani ya jina lako, huenda Desktop yako imo humo.

IKIWA HATA TASK MANAGER HAIJI

Hapo tumia hali salama. Katika hali hii Windows huamka na vitu vya lazima tu, bila programu za ziada. Ukiweza kufika kwenye skrini ya Ctrl, Alt na Delete, bonyeza alama ya umeme iliyo pembeni chini kulia, shika kitufe cha Shift, kisha chagua Restart huku umeshikilia Shift. Kompyuta itakuletea ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart. Orodha ikija, bonyeza 4. Kompyuta nyingine, hasa zilizofungwa kwa usalama wa BitLocker, zitakudai ufunguo wa siri kabla ya kukuruhusu, kwa hivyo uwe nao.

Eneo-kazi likionekana vizuri katika hali salama, basi umepata ushahidi mkubwa: Windows yenyewe si mgonjwa sana, mkosaji ni programu iliyoongezwa au ile inayoendesha kadi ya picha. Ondoa iliyoingia mwisho, kisha uwashe kama kawaida. Likikataa hata hapo, rudi kwenye ukurasa ule wa matengenezo ujaribu System Restore, ambayo huirudisha Windows ilivyokuwa siku za nyuma bila kugusa barua na picha zako, mradi kumbukumbu ya siku hizo ilikuwa imehifadhiwa.

KABLA YA KUKUBALI KUFUTA

Kufuta diski ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Fundi akikwambia "tuweke Windows upya," muulize swali moja: "Faili zangu umezinakili wapi?" Akikosa jibu, chukua kompyuta yako. Windows ina njia mbili za kujiweka upya. Ya Keep my files huondoa programu lakini huacha faili zako, na ya Remove everything haiachi kitu. Hizi ni kama mbingu na ardhi.

Na hata Windows ikikataa kabisa kuamka, faili zinaweza kuokolewa mradi diski ni nzima na haijafungwa kwa ufunguo. Kuna mfumo wa bure uitwao Ubuntu, ulioanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mfumo huu unaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuuweka ndani ya diski. Ukishawaka, unafungua diski yako na kunakili unachotaka. Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kuwa jina hilo, katika lugha za Kizulu na Kixhosa, ni ndugu wa neno letu "utu".

Lakini ukisikia diski ikigonga ko-ko-ko, acha majaribio yote. Hiyo ni diski inayokufa, na kila dakika unayoiendesha unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mambo ni machache. Zima kompyuta kwa njia yake, usichomoe waya ukutani. Ukiweza, nunua UPS, kile kifaa cha betri kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi stima ikikatika. Nakili faili muhimu kwenye flashi kila wiki, na flashi hiyo usiiache imechomekwa kwenye kompyuta. Hesabu za watu wengine ziandikwe pia kitabuni. Na ikiwa bado unatumia Windows 10, ujue kwamba msaada wake wa kawaida wa bure ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inawaka na kufanya kazi, ila milango yake haikaguliwi kama zamani, kwa hivyo chunga sana programu unazoingiza.

Mwisho, msomaji, nakushauri uzikate kurasa hizi uzibandike ukutani karibu na kompyuta ya nyumbani. Nina sababu. Siku uwanja utakapokuwa mtupu, maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo hayatakufaa kitu, lakini karatasi utaisoma hata stima ikiwa imepotea, mradi una mshumaa.